Ukirudi kutoka Ulaya, usianze na picha

Mwaka 2025 nilikaa Ulaya siku 87. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hukupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, kwa hiyo binti yangu, muuguzi huko Berlin, aliniachia tatu za akiba, isije ndege ikachelewa nikaonekana mkosaji. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Lindi mjini, na kabla ya hapo safari yangu ya mbali ilikuwa Dodoma. Namna ya kuomba viza nilielezwa na watu chungu nzima. Namna ya kurudi hakunieleza mtu, na ndiyo iliyonishinda. Haya ninayokupa nimeyapata kwa kukosea.

Usiku niliofika nyumba ilijaa. Vitumbua vimetoka jikoni, watoto wamekaa hadi mlangoni, nami nikatoa simu nikaanza: hii Vienna, hii Lisbon, hapa nimekula aiskrimu nikaumwa meno. Nacheka peke yangu sijui. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa ubavuni kwangu, akaitazama ile ya aiskrimu kwa muda, akanirudishia simu taratibu. Wageni walipoondoka mume wangu akafunga mlango akaniambia: mama mdogo alifariki Juni. Arobaini imeshasomwa. Walikubaliana wasinipigie, "ungelia na nani huko, na mtoto yuko zamu za usiku?" Nikachukua ile simu nikaangalia. Juu ya picha ya aiskrimu kuna tarehe. Siku ya pili baada ya maziko.

Kwa hiyo jambo la kwanza: ukiwa bado Dar es Salaam, kabla hujapanda basi, mpigie mtu mmoja asiyejua kuficha. Kila ukoo unaye, kwetu ni wifi yangu. Muulize nani amekufa, nani amejifungua, nani ameachika, nani hawasemeshani. Mtu akikaa miezi mitatu nje, nyumbani nako kulikuwa na safari yake. Siku mbili za mwanzo ni za kuhani misiba na kutazama wazazi. Nenda mikono mitupu, usiende na mfuko wa zawadi msibani, watu watakupokea kama mwenye sherehe. Wakikuuliza habari za huko, sema salama, poleni na msiba, ukae chini kwenye mkeka usikilize. Ulaya haikimbii.

Zawadi sina maneno mengi. Chokoleti ziliyeyuka kabla hatujafika Nangurukuru, begi zima likawa na harufu ya karamu. Vilivyopendwa ni mikasi ya kushonea na miwani ya kusomea, ile ya bei rahisi inayotundikwa kwenye maduka ya sabuni na dawa za meno. Nilichukua sita. Moja alipewa mama mkwe, na nitairudia miwani hiyo.

Sarafu za euro usizipeleke kwenye duka la kubadilishia fedha, hawazitaki, wanataka noti. Wape watoto, lakini wape na kazi. Upande mmoja wa sarafu unafanana kote, wa pili kila nchi inaweka vyake. Euro moja ya Ujerumani ina tai, ya Austria ina uso wa Mozart, mtunga muziki wao. Niliwamwagia wajukuu sarafu kwenye mkeka nikawaambia wazipange kwa nchi. Wakati wanapanga nikawa nasimulia, wala hakuna aliyejua kuwa anafundishwa.

Sasa lililo gumu. Kabla hujasimulia sana, andika. Nilikuja kugundua, kama wiki ya pili hivi, kwamba kisa changu cha kubanwa na mlango wa treni ya chini ya ardhi nimekwisha kukisema mara sita, na mara ya sita mlango ulikuwa umenibana bega, mkoba na ushungi. Kweli yake ulibana mkoba tu. Watu wakicheka pahala, mdomo unarudi pahala pale pale, na yale ambayo hayakuchekesha yanakufa. Nikanunua daftari la kurasa 96. Kila alfajiri baada ya swala, kabla nyumba haijaamka, niliandika siku moja ya safari: niliyosikia, yaliyoniaibisha, na lile nililojiuliza nikakosa wa kumuuliza. Picha niliziacha zimefungwa. Picha zinakurudishia majengo. Daftari lilinirudishia kwamba Juni kule jua linazama saa tatu na nusu usiku, nami nakaa kitandani na usingizi wangu wa kizee nikisubiri magharibi iingie. Kwamba hapa Lindi kibla chetu ni kaskazini, na kule Berlin nilielekea kusini-mashariki, na siku ya kwanza nilisimama kwa mazoea nikaipa Makka mgongo mpaka binti akanigeuza mabega kama mtoto. Hilo lilikuwa limeshanitoka kabisa.

Picha nilikuwa nazo zaidi ya 2,600. Nilibakiza 36, nikazisafishisha studio mjini zikawekwa kwenye albamu. Usiwape watu simu. Mtu ukimpa simu anapekua, na akipekua hakusikilizi.

Watakuuliza swali moja tu, "Ulaya kukoje?" Usilijibu lilivyo. Nililijibu hivyo siku za mwanzo na nikajisikia naongopa, kuzuri, kusafi, kuna baridi, kama tangazo la redio. Jibu kwa mtaa mmoja. Mimi husema hivi: Berlin, upande wa Wedding, kuna kitongoji chenye mitaa ya majina ya Afrika, na kulikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee. Ni Carl Peters, Mjerumani wa enzi za ukoloni, huyu huyu ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 2024 jina lile likaondolewa, na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao mtu mzima nikasoma kwa sauti, Maji Maji, na kijana mmoja na mbwa wake wakanipisha. Pale barazani kwetu kisa hiki kilichukua jioni nzima, maana kila mtu alikuwa na babu yake wa kutia humo.

Fedha zizungumze mapema na kwa hesabu, la sivyo wengine watakuhesabia. Mimi nilisema kwa kujivuna kidogo kwamba ubalozi unataka bima ya kufikia euro 30,000. Kesho yake nikasikia sokoni nimerudi na euro 30,000. Alikuja mtu na mpango wa mashine ya kukoboa. Nikamweleza: viza euro 90, tiketi kalipa mwanangu, ile bima ni ahadi ya kutibiwa nikiugua, na mfukoni nilibaki na zile sarafu zilizo kwa watoto. Alikunywa chai, akaondoka na mpango wake.

Halafu ugawe safari kama unavyogawa nyama, kila mtu kipande chake. Shemeji yangu wa Kilwa Masoko anavusha watu kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Yeye nilimwekea Lisbon. Mle makumbusho, Museu Nacional de Arte Antiga, kuna chombo cha kanisani cha dhahabu, kimechongwa kama kibanda chenye minara, na visanamu vya watu vilivyotiwa rangi vimepiga magoti ndani. Mfalme Manuel alikitengenezesha mwaka 1506 kwa dhahabu ya kodi aliyotozwa sultani wa Kilwa. Vasco da Gama ndiye aliyekwenda kuitoza, 1502, akiwa na meli za mizinga. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho akauliza uzito wake. Nikasema sijui. Akasema, basi wakirudisha, nauli ya kuvusha mpaka kisiwani aachiwe yeye.

Kuna vipande havigawiwi. Nilimwona binti yangu anarudi alfajiri, anakula amesimama, analala na mapazia mazito mchana wa jua kali. Nilimwona bibi wa ghorofa ya chini yake ambaye miezi mitatu sikuona mtu aliyegonga kwake isipokuwa mleta vifurushi, na mimi, siku niliyompelekea maandazi. Hayo nimemwambia baba yake, usiku, taa imezimwa. Barazani nikisema mwanangu anachoka, kesho litarudi limekuwa mwanangu anateseka. Ukimtembelea mtoto ughaibuni utaona maisha yake yakiwa wazi. Hakukuitia uje kuyatangaza.

Kipande cha mjukuu wangu wa darasa la sita kilikuwa mjusi. Jumba la Museum für Naturkunde Berlin lina mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa, urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na mnyama mwenyewe wamemwita Giraffatitan. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, hapa hapa mkoani kwetu, kati ya mwaka 1909 na 1913. Mjukuu hakuamini mita zile. Ninachokushauri hapa ni kuonyesha kwa mikono na si kwa maneno: tulichukua kamba ya mashua na futi ya fundi cherehani, ambayo ni sentimita 150. Tukapima mara nane, tukaongeza sentimita 127, tukafunga fundo. Akaitwa mkwezi, akapanda na ncha ya kamba kwenye mnazi wetu wa uani. Alipofika kwenye makuti, fundo lilikuwa bado chini, limelala mchangani mbele ya miguu ya watoto. Mnazi ulipelea. Watoto walipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Mama mkwe alikuwa kibarazani muda wote. Ana miaka themanini na kitu, na habari za Ulaya tangu nirudi hakuwa ameniuliza hata moja, nikadhani hazimhusu. Akaomba albamu. Akavaa ile miwani, akaisogeza picha ya mifupa puani, akasema, "Haya ndiyo aliyobeba babu."

Kaniambia baadaye, kwa vipande, akichambua mchicha. Babu yake alikuwa katika wapagazi waliotoa mifupa Tendaguru mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku nne, mzigo kichwani na mabegani. Utotoni walikuwa wakitishwa nao, mtoto akikataa kulala anaambiwa babu atakuletea mfupa wa dude. Mimi nimeolewa nyumba hii miaka 41. Mume wangu mwenyewe alikuwa hajawahi kusikia.

Akaniuliza kama majina ya wapagazi yameandikwa pale. Hapo ndipo nilipoona upungufu wa safari yangu, maana nilikuwa nimetazama juu tu, shingo inauma, nikapigwa picha, tukaenda kula. Vibao sikuvisoma. Kama wewe bado uko huko unasoma haya, rudi usome vibao, na kabla hujaondoka wapigie wazee nyumbani uwaulize wana nini huko.

Nimemtumia binti ujumbe wa sauti na jina la babu, nikalitamka mara mbili pole pole. Amejibu ataenda wiki ambayo hana zamu za usiku. Mama mkwe kila asubuhi ananiuliza kama wiki hiyo imefika.