Jumatano Yetu: Jinsi ya Kutoka na Mwenzako Kula Kila Wiki hapa Dar

Mimi na mke wangu tunatoka kula kila Jumatano jioni. Tunaishi Tabata, tuna watoto wawili, na huu ni mwaka wa sita. Kabla ya hapo tulianza tukaacha mara mbili, kwa sababu tulitaka kila safari iwe kama sikukuu. Mfuatano wetu ni huu.

Hatua ya 1: Wekeni siku, na isiwe ya wikiendi. Ijumaa na Jumamosi meza zimejaa, muziki uko juu, na mnalazimika kupayuka ili msikizane. Jumatano mhudumu ana nafasi na nyinyi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuleni karibu na nyumbani. Bonde la Jangwani likijaa maji, kurudi kutoka mjini ni shida.

Hatua ya 2: Nunueni kibubu. Sisi tunatumbukiza elfu tano kila siku, yeyote aliyenayo. Jumanne usiku tunatoa elfu thelathini na tano, na hiyo ndiyo bajeti yote, nauli ya bajaji ikiwemo. Msitumie pesa ya simu, maana ile ina wenyewe: luku, vocha, mchango wa harusi.

Hatua ya 3: Watoto. Wapikieni kabla ya kutoka, mwambieni anayebaki nao saa ya kurudi, na mrudi saa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Chagueni kwa zamu. Wiki hii yeye, wiki ijayo mimi, na asiyechagua hana kura ya turufu. Bila zamu, mmoja atasema "popote tu", kisha anune akifika. Kwa zamu hizi mke wangu amenipeleka kula mihogo ya kukaanga na mishkaki ufukweni Coco, mimi nikampeleka kwenye kuku wa mkaa katikati ya mji. Sharti letu ni moja: tusiagize chakula kilichopikwa nyumbani wiki hiyo. Kama Jumatatu ilikuwa wali maharage, Jumatano ni ndizi nyama au urojo.

Hatua ya 5: Agizeni kwa akili. Hapa ndipo jioni nyingi zinapoharibikia. Samaki wa kuchoma na kuku wa kienyeji wanachukua muda, kwa hiyo pigeni simu mapema au agizeni kabla hata ya kukaa. Samaki mchagueni wenyewe: jicho liwe angavu, mashavu yawe mekundu ndani, na bei itajwe kabla hajaingia jikoni. Kuna mahali tulinyamaza kuhusu bei, bili ikaja mara mbili ya tulivyodhani, tukarudi nyumbani kimya. Tangu siku ile naanza na swali la bei, na sioni aibu. Agizeni sahani moja kubwa mle pamoja, ugali katikati, kachumbari pembeni, mnawe na kula kwa mkono. Ukimmegea mwenzako mnofu wa shingoni, umeshazungumza naye.

Hatua ya 6: Maongezi. Simu zinakaa kwenye mkoba wake, sauti ikiwa wazi kwa ajili ya nyumbani tu. Ada, kodi ya nyumba na ndugu wanaodai havizungumzwi mezani. Tumevitengea Jumapili mchana. Wiki za kwanza tulikaa kimya karibu robo saa, na nilihisi uchungu kugundua kwamba tukiondoa watoto na pesa hatukuwa na la kusema. Vumilieni kimya hicho. Muulize jambo la zamani ambalo hukuwahi kumuuliza. Mimi nilimuuliza alikuwa anakula nini akitoka shule, akanisimulia habari za bibi yake aliyeuza vitumbua stendi, simulizi ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka yote ya ndoa. Tuliondoka wakati wanapanga viti juu ya meza.

Hatua ya 7: Mkikosa wiki moja kwa ugonjwa au msiba, msilipize kwa kutoka mara mbili. Pesa ibaki kwenye kibubu, na zamu ibaki ya yule yule.

Kesho zamu ni yake. Ameshasema anataka vitumbua na supu, na mimi bado natafuta mahali pa kuvipata jioni.