Kuchukua majani ya mkoko kwa kupima vinasaba

Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi katika nchi za kaskazini, bahari ilishuka karibu mita 120. Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mlango wa bahari kati yake na bara una kina cha mamia ya mita. Mikoko ya Bagamoyo na Tanga imesimama pahali palipokuwa nchi kavu, kwa hiyo ilifika baadaye, bahari ilipopanda. Ilikotoka kunasomeka katika vinasaba vya majani yake, ila yachukuliwe sawasawa.

Pata kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana mikoko ni misitu ya hifadhi, kisha waarifu viongozi wa kijiji. Ingia siku za bamvua, maji yakianza kupwa.

Chukua miti 25 hadi 30 kila eneo, ya mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) tu. Usichanganye na mkandaa wala mchu, ambayo nayo huitwa mikoko kwa jumla. Kati ya mti na mti acha mita 30. Hapa ndipo wengi huharibu. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani, na nyingi huangukia tope la chini ya mama yao. Ukibana miti, utapima ukoo mmoja ukidhani ni msitu mzima. Ruka pia mikoko iliyosimama kwa mistari: imepandwa, na huenda mbegu yake ililetwa kwa gari.

Kata majani mawili machanga yaliyokwisha kufunguka. Yaliyokomaa yana nta na tanini, yanaisumbua maabara. Osha chumvi kwa maji baridi yasiyo ya bahari, futa, kata vipande vya sentimita 2, tia kwenye kijifuko cha karatasi, kisha kwenye mfuko wa zipu wenye silika jeli (chembe za kufyonza unyevu), uzito mara 10 wa jani. Silika ya machungwa ikigeuka kijani, badilisha siku hiyohiyo. Jani lililokauka vizuri huvunjika likiwa bado kijani. Likiwa kahawia, vinasaba vimeanza kukatika. Lebo iandikwe kwa penseli, wino hufutika.

Maabara isome DNA (vinasaba) ya kloroplasti, yaani ya chembe za kijani za jani, ambayo kwa kawaida hurithiwa kwa mama na hivyo hufuata mbegu, na ile ya kiini cha seli, ambayo chavua nayo huichanganya. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, kwa hiyo ongeza sampuli za Rufiji, ambako mbegu zaweza kuelea kuja huku, na za Pemba.

Eneo lililoanzishwa na mbegu chache huwa na aina chache za vinasaba. Lakini eneo lililokatwa sana boriti hutoa picha ileile. Hesabu visiki, uviandike kwenye daftari lilelile la miti.