Jinsi ya kuusoma uwanja wa ndege wa vita vijijini Uingereza (anza na kijiji, mnara utaukuta tu)

Watu wengi wakisikia kuna uwanja wa ndege wa Vita Kuu ya Pili mahali flani Norfolk au Suffolk wanaenda moja kwa moja kutafuta mnara wa kuongozea ndege, wanapiga picha tatu nne za jengo la matofali lenye madirisha yaliyovunjika, halafu wanasema aah hamna kitu, shamba tupu. Ni kweli ni shamba. Lilikuwa shamba kabla ya 1942 na likarudi kuwa shamba baada ya 1945, na ile miaka mitatu ya katikati haikukaa kwenye mnara peke yake, ilisambaa kijiji kizima, msituni, nyuma ya kanisa, kwenye vinjia vya wakulima. Ndo maana nakwambia anza na kijiji.

Kuchagua eneo sio kazi. Ukitaka Wamarekani wa Jeshi la Anga la Nane, waliokuja kuanzia 1942 na ndege za mabomu za B-17 na B-24, nenda East Anglia, yaani Norfolk, Suffolk, Essex, na kidogo Cambridgeshire. Ukitaka ndege za mabomu za Waingereza wenyewe, zile Lancaster zilizokuwa zinaruka usiku, nenda Lincolnshire. Kama ndo mara yako ya kwanza mimi ningekwambia Thorpe Abbotts, Norfolk, karibu na mji wa Diss, kwa sababu Diss treni ya kutoka London Liverpool Street inafika na pale mnara umekarabatiwa na watu wa kujitolea ukawa makumbusho. Lakini hata pale usianzie kwenye mnara.

Kuwa makini na majina maana yatakuzungusha. Uwanja ulipewa jina la kijiji cha jirani au la mji unaojulikana, sio lazima pale ulipo. Ule wa Framlingham uko Parham, ule wa Lavenham uko upande wa Alpheton, kwahiyo ukishuka katikati ya mji wa Lavenham ukaanza kuuliza utaonyeshwa nyumba nzuri za zamani na chai, uwanja wenyewe huuoni ng'o. Wamarekani pia walivipa viwanja namba, Thorpe Abbotts ilikuwa Stesheni 139, na namba hiyo inasaidia sana ukianza kutafuta picha na nyaraka kwa sababu majina yenyewe yanafanana fanana.

Sasa kaa chini na ramani kabla hujatoka nyumbani. Fungua picha za setelaiti, tafuta herufi A iliyolala shambani. Viwanja vya ndege kubwa vilivyojengwa kuanzia 1942 vilifuata mchoro mmoja, njia tatu za kurukia zinazokatana, ile kubwa kama mita 1,830, mbili ndogo kama mita 1,280 kila moja, upana mita 46 hivi, halafu barabara ya zege inazunguka zote kama pete, na pembeni ya hiyo barabara kuna vituo vya kuegeshea ndege, hamsini hivi, vile vya mwanzo vya duara lenye mkia ambavyo wenyewe walikuwa wanaviita vikaango na ukiviona kutoka juu unaelewa kwa nini. Njia kubwa mara nyingi imelala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki maana upepo wa kule unatokea kusini magharibi na ndege iliyojaa mabomu inahitaji kuruka ikikabili upepo. Ukishajua hilo tu, hata ukikuta kipande kimoja cha zege katikati ya ngano unaweza kukadiria kilikuwa njia ipi.

Usitegemee kuiona A nzima. Miaka ya baada ya vita zege nyingi ilivunjwa ikauzwa kuwa kokoto za kujengea barabara mpya, mkulima akabakisha kaukanda kembamba ka kupitishia trekta. Kwahiyo unachotafuta kwenye setelaiti ni kanjia kaliyonyooka kupita kiasi, kwa sababu vijijini kule hakuna njia iliyonyooka, zote zinapinda pinda kufuata mipaka ya mashamba ya karne na karne. Ishara nyingine ni mabanda marefu ya batamzinga yamepangwa juu ya zege, kama pale Attlebridge, au uwanja wa mbio za magari, Snetterton ni uwanja wa ndege za B-17 ule na Silverstone nayo ilikuwa ya RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza. Siku hizi na paneli za sola. Na kiangazi kikali kikipiga mimea inayoota juu ya msingi wa zege inakauka mapema, mchoro unajitokeza wenyewe.

Kwa picha za zamani ingia tovuti ya Historic England, wana picha zilizopigwa kutoka angani na Wamarekani na RAF miaka ya 40. Kwa ramani, Maktaba ya Taifa ya Scotland inakuwekea ramani ya zamani juu ya setelaiti ya leo bure kabisa, unasogeza tu. Ila usishangae ramani za zamani zilizouzwa kwa raia mara nyingine zinaonyesha mashamba matupu palepale ambapo palikuwa na maelfu ya watu, viwanja vilifichwa makusudi. Halafu nunua au pakua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya 1:25,000, ile inayoonyesha njia za umma za miguu kwa vistari vya kijani, hii ni lazima na nitakwambia kwa nini baadaye.

Ukifika kijijini ingia kanisani kwanza. Sio lazima uwe mtu wa dini, makanisa mengi ya kule yanaachwa wazi mchana. Angalia madirisha ya vioo vya rangi, Quidenham kwa mfano wana dirisha la kumbukumbu ya kundi la 96 la ndege za mabomu lililokuwa Snetterton. Angalia kitabu cha wageni, soma kurasa za nyuma, utakuta wajukuu wa Kimarekani wameandika babu yao alikuwa mpiga bunduki wa nyuma ya ndege, wengine wamekuja kutoka mbali kweli kuona kanisa ambalo babu alilitaja kwenye barua. Nje, angalia bango la kijiji lililochongwa kwa mbao au chuma, vijiji kadhaa vya Norfolk na Suffolk vimeweka ndege ya B-17 au B-24 pale juu pamoja na kanisa na ng'ombe.

Halafu pabu, yaani baa ya kijiji. Pabu ni sehemu ya utafiti, usicheke. The Swan ya Lavenham imehifadhi ukuta wenye sahihi za wanajeshi wa anga, na The Eagle ya Cambridge ina dari waliyoandika namba za vikosi na majina yao kwa moshi wa viberiti na mishumaa. Kwenye pabu za kawaida za kijijini utakuta picha ukutani, na ukikuta mzee amekaa peke yake ukamsalimia kwa heshima na kuuliza uwanja ulikuwa upande gani, basi funga mdomo usikilize. Usimkatishe kumsahihisha aina ya ndege. Anachokijua yeye ni shamba la nani lilichukuliwa na barabara gani ilifungwa, na hayo hayako kwenye tovuti.

Barabara zilizofungwa ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote. Serikali ilichukua ardhi kwa sheria za dharura za vita, uwanja mmoja ulimeza ekari 500 hivi, na njia zilizokuwa zinaunganisha kijiji na kijiji zikakatwa katikati. Nyingine hazikufunguliwa tena mpaka leo. Kwahiyo ukiwa unaendesha baiskeli ukakuta njia inakata kona ya ghafla bila mto wala kilima, au inaishia kwenye geti la mkulima, simama, fungua ramani ya kabla ya vita, uwezekano mkubwa unaangalia ukingo wa uwanja.

Sasa ingia msituni, maana ndiko walikolala. Kwa kuogopa kushambuliwa, sehemu za kulala hazikuwekwa pamoja na ndege, ziligawanywa vikambi vidogo vidogo mbali na njia za kurukia, watu elfu mbili mpaka elfu tatu kwenye vijiji vyenye wakazi mia chache. Walilala kwenye vibanda vya Nissen, bati lililokunjwa nusu duara, jiko moja la makaa katikati, kantini kule, bafu kule, ndo maana karibu kila mtu alikuwa na baiskeli. Tafuta kanjia ka zege kanakoingia kichakani bila sababu. Kafuate kama ni njia ya umma. Utakuta sakafu ya zege ya mstatili imefunikwa na majani na miiba, wakati mwingine ukuta wa matofali wa mwisho umebaki umesimama na nafasi ya mlango, tanki la maji juu ya nguzo, na vilima virefu vya udongo ambavyo ukivizunguka unagundua ni mahandaki ya kujikinga na mabomu. Vibanda vyenyewe vingine bado vipo, vimejaa nyasi kavu na matairi ya trekta. Na usidhani vilikaa tupu baada ya vita, 1946 familia zisizo na nyumba zilivamia kambi za jeshi nchi nzima zikahamia, watu karibu 40,000 kufikia vuli ile, na wengine wakakaa humo miaka.

Ukirudi kwenye zege yenyewe chuchumaa uiangalie kwa karibu. Tafuta sehemu ambapo ukingo umemeguka. Chini ya zege kuna tabaka la kifusi, na East Anglia sehemu kubwa ya kifusi hicho kilikuja kwa treni kutoka London, nyumba zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani, kwahiyo unaweza kuona vipande vya tofali jekundu na vigae. Juu yake utaona mistari ya lami kati ya bamba moja na jingine, na pembezoni vishimo vilivyokaa taa za kuongozea ndege au pete za chuma za kufungia ndege zisipeperushwe. Ukija vuli au baridi mkulima atakuwa amelundika viazisukari juu ya kituo cha kuegeshea ndege, mlima mzima, maana ndo sehemu pekee isiyo na tope.

Hapa nina neno langu. Mawe ya kumbukumbu mengi yanawataja waliorusha ndege, na wanastahili, Thorpe Abbotts kundi la 100 lilipoteza ndege 12 siku moja, tarehe 10 Oktoba 1943 kwenda kupiga mabomu Münster, Ujerumani, ikarudi moja tu ya rubani Robert Rosenthal, na kila ndege ilikuwa na watu kumi. Lakini nani alimwaga hiyo zege? Vibarua wa Kiayalandi walikuwa wengi, na kule Eye, Suffolk, walikuwa mainjinia wa jeshi la Marekani, Wamarekani weusi, kwenye jeshi lililowatenga mpaka kwenye mabweni na kwenye zamu za kwenda kunywa. Madereva weusi ndo walibeba mabomu na mizigo mchana na usiku. Kule Bamber Bridge, Lancashire, Juni 1943, ubaguzi huo ulizaa risasi kati ya polisi wa kijeshi weupe na kikosi cha malori cha weusi, na mwanajeshi William Crossland akafa, huku wenyeji wa kijiji wakiwa upande wa weusi. Kwahiyo ukisimama juu ya njia ya kurukia uliza na swali hilo, na ukikuta makumbusho madogo waulize wahudumu, wengine wana picha kwenye droo ambazo hazijawekwa ukutani.

Sheria sasa, haraka. Karibu viwanja vyote hivi ni mali ya mtu. Baki kwenye njia za umma za kwenye ramani, ukitaka kutoka nje ya njia gonga mlango wa mkulima uombe, wengi wanakubali wakiona umeomba. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, usikanyage mazao, mbwa mfunge kamba. Usiingie kwenye jengo bovu hata kama mlango uko wazi. Lakenheath na Mildenhall bado zinatumika na Wamarekani, usijaribu kupenya uzio wala kurusha droni. Kifaa cha kutafutia vyuma ardhini usiende nacho bila ruhusa ya mwenye ardhi, na mahali ilipoanguka ndege ya kijeshi panalindwa na sheria ya 1986, huruhusiwi kuchimba wala kuokota kitu bila leseni ya Wizara ya Ulinzi, hata kama ni kipande cha bati. Ukiona chuma chenye umbo la risasi kubwa au bomba kinachungulia kwenye udongo usikiguse wala usikipige teke, rudi nyuma ulikotokea, weka alama kwenye simu, piga 999, namba ya dharura. Ghala za mabomu zilikuwa pembeni kabisa ya uwanja na vitu bado vinaibuka.

Vaa gambuti, udongo wa mfinyanzi wa Suffolk Februari unavua kiatu cha kawaida. Mabasi ya vijijini Jumapili ni machache mno au hakuna kabisa, baiskeli kwenye treni ndo suluhisho. Makumbusho mengi ya viwanjani yanaendeshwa na watu wa kujitolea, yanafungua wikiendi na siku chache tu, na baridi mengi yanafunga, hakikisha kabla hujakata tiketi. Na ramani ipakue ukiwa nyumbani kwenye waifai, mtandao kule unakatika.