Mechi uliyorekodi inatoa mistari kwenye kompyuta? Fanya hivi

Umerekodi mechi kwenye fleshi kupitia dekoda, kwenye tivii iko poa, ukiichomeka kwenye laptop kila mchezaji akikimbia anatoa mistari pembeni kama meno ya chanuo. Usilifute hilo faili, ni zima! Matangazo mengi ya tivii, iwe ya HD (1080i) au ile ya zamani (576i), yanarushwa nusu nusu, kila sekunde zinakuja nusu-picha 50, moja ina mistari ya namba witiri inayofuata ina ya shufwa, na kila nusu imepigwa kwa wakati wake, sasa kompyuta ikizibandika mbili kuwa fremu moja, mguu wa mchezaji unaonekana sehemu mbili kwa mpigo. Ndo maana mtangazaji aliyetulia studio anatoka safi tu.

Kwenye VLC (programu ya kuchezea video) fungua Video, Deinterlace (ndiyo ya kuondoa hiyo mistari), weka On. Usiiache Automatic, hiyo inafuata alama iliyomo kwenye faili na faili zingine alama yake si sahihi. Halafu Deinterlace mode (orodha ya njia za kuiondoa) chagua Yadif (2x), na hiyo 2x usiiruke jamani, Yadif ya kawaida inakupa fremu 25 kwa sekunde, ya 2x inakupa zote 50, krosi ikipigwa tu tofauti unaiona. Discard siishauri kabisa, inatupa nusu ya mistari, na Blend inaacha kivuli nyuma ya mpira. Laptop ikizidiwa tumia Bob, maandishi ya skoa yatatetemeka kidogo ila mwendo unabaki laini.

Wa mpv, programu nyingine ya kuchezea video, bonyeza herufi d, basi.

Ukitaka kuikonvati kabisa, tumia ffmpeg, programu ya kubadili video kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i mechi.ts -vf yadif=1 -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy mechi.mkv

Kama unapunguza na saizi (filta ya scale), yadif itangulie pale baada ya -vf: yadif=1,scale=1280:720. Ukianza na scale mistari inayeyukia ndani ya picha na hakuna filta itakayoitoa vizuri tena, na inauma sana maana magoli mengi ya zamani yanayozunguka Whatsapp yameharibiwa hivyo hivyo na mtu aliyekuwa na faili zuri mkononi.

Na ikitoka picha inarukaruka mbele na nyuma, mpangilio wa nusu umegeuzwa, badala ya yadif=1 andika yadif=1:0, ikigoma yadif=1:1.