Kupunguza Mafuta Mgando na Sukari katika Keki za Nyumbani: Kipi Kiwekwe Mahali pa Kipi

Waokaji wengi wa nyumbani hapa Dar es Salaam walianzia kwenye keki ya robo: robo kilo ya unga wa ngano, robo ya siagi, robo ya sukari na mayai manne au matano. Ni kipimo kisichosahaulika na keki yake haimwaibishi mtu mbele ya wageni, lakini ukikipigia hesabu kinatisha kidogo. Keki hiyo ikikatwa vipande 12, kila kipande kinabeba gramu 21 hivi za sukari, yaani vijiko 5 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo ni gramu 50 kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000, na unapendekeza ikiwezekana iwe chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu aliyekula kipande kimoja na kushushia kikombe cha chai ya vijiko viwili ameshavuka gramu 25 kabla hajaondoka nyumbani.

Upande wa mafuta nao una hesabu yake. Takriban nusu ya uzito wa siagi halisi ya maziwa ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu, hivyo kipande kile kile kinatoa zaidi ya gramu 10 za mafuta hayo, wakati kiwango cha juu kwa siku kwa mtu wetu wa kilokalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Nimesema siagi halisi kwa makusudi, kwa kuwa kinachoitwa siagi katika maduka mengi ya mtaani ni majarini, na wapo wanaotumia mafuta mgando ya kopo kwa sababu bei yake ni nafuu na hayaharibiki upesi kwenye joto.

Mafuta mgando yanahitaji maelezo kidogo, maana hatari yake haifanani kwa kila kopo. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa kuongezewa haidrojeni. Njia hiyo, haidrojeni isipoongezwa kikamilifu, huzalisha mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na papo hapo hushusha ile nzuri. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula vya viwandani ifikapo 2023. Mnunuzi wa Dar es Salaam hana maabara, lakini ana macho: akikuta kwenye orodha ya viungo maneno "partially hydrogenated", yaani yaliyoongezewa haidrojeni nusunusu, alirudishe kopo hilo rafuni. Akikuta ni mafuta ya mawese matupu, transi si tatizo kubwa tena, ila ajue kwamba karibu nusu ya mafuta hayo yameshiba.

Kabla ya kubadilisha chochote, mwokaji ajiulize kiungo anachokiondoa kilikuwa kinafanya kazi gani, kwa sababu keki nyingi za afya huharibika kwa kosa la kuondoa mfanyakazi bila kumwajiri mwingine. Mafuta huzizunguka chembe za unga na kuizuia gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, isifungamane sana, na hapo ndipo ulaini unapotoka. Siagi inapopigwa pamoja na sukari, chembechembe za sukari huingiza mapovu madogo ya hewa ndani yake, na mapovu hayo ndiyo yanayotanuka jikoni. Sukari kwa upande wake hushika maji ili keki isikauke, huipa rangi ya kahawia, na hufanya mayai yaliyopigwa yasimame. Utamu ni kazi yake moja tu.

Nianze na mafuta, kwa kuwa hapa ndipo badiliko moja linaleta faida kubwa kuliko yote. Mafuta ya maji ya alizeti yana takriban asilimia 11 tu ya mafuta yaliyoshiba. Ukiyaweka mahali pa siagi katika keki ya robo, kile kipande cha gramu 10 kinashuka hadi chini ya gramu 2, na hakuna mlaji atakayelalamika. Kipimo chake ni hiki: siagi ina asilimia 80 hivi ya mafuta na iliyobaki karibu yote ni maji, kwa hiyo gramu 250 za siagi hubadilishwa kwa gramu 200 za mafuta ya alizeti, ambazo ni mililita 215 au 220, pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ili kurudisha maji yaliyopotea. Kama mapishi yalitumia mafuta mgando, ambayo hayana maji, badilisha gramu kwa gramu. Kwa kuwa mafuta ya maji hayashiki hewa, kazi hiyo ihamishiwe kwa mayai: yapige na sukari kwa dakika tano nzima mpaka yawe mazito na meupe, kisha mimina mafuta kidogo kidogo ukiendelea kupiga, na mwisho uingize unga kwa mwiko, taratibu, bila kukoroga kwa nguvu.

Hali ya hewa yetu nayo inaunga mkono jambo hili. Siagi hupigika vizuri ikiwa na nyuzi joto 18 hadi 21, na mwezi wa Februari jiko la Sinza au Tandika halijui nyuzi hizo. Siagi inakuwa imeshalegea kabla sukari haijaingia, na hewa haikai. Mafuta ya maji hayajali.

Alizeti ya Singida na Dodoma inayokamuliwa kwa mashine ndogo bila kusafishwa ina harufu yake nzito, ambayo hujitokeza kwenye keki ya vanila. Itumie kwenye keki ya kakao, ya mdalasini au ya ndizi, ambamo harufu hiyo humezwa. Kwa keki nyepesi nunua yaliyosafishwa.

Sisi watu wa pwani tungependa sana kusikia kwamba mafuta ya nazi ni jibu. Kwa bahati mbaya zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi yameshiba, kupita hata siagi yenyewe, na samli nayo imeshiba kwa zaidi ya nusu. Tumia tui au kijiko cha mafuta ya nazi kwa ajili ya ladha, kama unavyotumia iliki, lakini usiuite mbadala.

Njia ya pili ni kuondoa sehemu ya mafuta na kuweka tunda au mboga iliyopondwa. Ndizi mbivu zenye madoa meusi, ambazo wauzaji wa Mabibo huzitoa kwa bei ya kuzimaliza jioni, boga lililochemshwa na kuchujwa maji, au viazi vitamu vilivyopondwa vyote hufaa. Mpaka wake ni nusu. Mara ya kwanza nilipojaribu niliondoa mafuta yote nikaweka ndizi tupu, na kilichotoka kilikuwa kizito, chenye kunata, kinachorudi mahali pake ukikibonyeza kama ndala mpya. Watoto walikila kwa heshima tu. Tunda halina mafuta ya kuizuia gluteni, kwa hiyo kadiri unavyoongeza tunda ndivyo unavyopaswa kupunguza kukoroga. Mtindi usio na sukari hufanya kazi inayofanana, na uchachu wake hulainisha keki. Kila kikombe cha mtindi kiambatane na nusu kijiko cha chai cha magadi soda ya kuokea (baking soda). Parachichi lililopondwa mpaka lilainike kabisa linaweza kushika nafasi ya nusu ya siagi, lakini katika keki ya kakao tu, maana katika keki nyeupe huacha rangi ya kijani ambayo utaieleza siku nzima. Kwa biskuti, siagi ya karanga isiyotiwa sukari ni mbadala mzuri ambao haupati sifa unayostahili.

Sasa sukari. Wengi wakisikia mbadala wa sukari hukimbilia asali, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa mapishi. Asali ya Tabora ni nzuri kwa ladha, lakini mbele ya mwili ni sukari, na mwongozo nilioutaja unaihesabu hivyo. Sukari guru na sukari ya kahawia ni zile zile kwa sehemu kubwa, zimebakiwa na madini machache mno kuweza kukusaidia. Faida ya kweli ya asali ni kwamba ni tamu kuliko sukari, hivyo robo tatu ya kikombe inatosha mahali pa kikombe kizima. Ukiitumia, punguza maziwa au maji kwa robo kikombe, ongeza robo kijiko cha chai cha magadi soda kupoza uchachu wake, na shusha oveni kwa nyuzi 10 hadi 15 kwa kuwa asali huungua mapema. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe chochote chenye asali, hata kilichookwa, kwa sababu ya vijidudu vya botulinamu ambavyo moto wa kuoka hauna uhakika wa kuviua.

Mbadala ulio bora kuliko yote haununuliwi: ni kupunguza. Katika keki nyingi za kawaida unaweza kuondoa robo ya sukari bila mtu kutambua, na theluthi bila mtu kukasirika. Anza na robo, oka hivyo mara mbili tatu, kisha shuka tena, ulimi hujifunza. Pengo la utamu lizibwe na vitu ambavyo pua huvihesabu kuwa vitamu, navyo hapa hatuvikosi: iliki iliyotwangwa papo hapo, mdalasini, kungumanga, ganda la chungwa lililokwaruzwa, na chembe ya chumvi. Keki yenye sukari kidogo hukauka mapema na haipati rangi sana, kwa hiyo ondoa dakika tano kwenye muda wa kuoka na usiingoje iwe kahawia iliyokolea.

Tende nazo zina nafasi yake, hasa baada ya Ramadhani, pale pakiti zilizobaki zinapoanza kuzagaa kabatini. Toa kokwa, loweka kikombe kimoja cha tende katika nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika ishirini, kisha saga mpaka zilainike. Uji huo mzito huchukua mahali pa kikombe cha sukari, huleta unyevu, na huleta nyuzinyuzi ambazo sukari haina. Hata hivyo zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari, kwa hiyo usizimimine kana kwamba ni mchicha.

Kuhusu vitamu vya kutengenezwa nitasema machache. Aspatamu huvunjika kwa joto na kupoteza utamu. Sukralosi na stevia huvumilia zaidi, lakini haviujazi mchanganyiko wala haviipi keki rangi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwalenga watu wenye kisukari. Mwenye kisukari amsikilize daktari wake, na akumbuke kuwa unga wenyewe hupandisha sukari ya damu, hata keki ikiwa haina sukari hata chembe.

Haya yote yakikusanywa, keki ya ndizi inayofaa nyumbani inakuwa hivi. Changanya gramu 150 za unga wa ngano mweupe na gramu 100 za ata, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha magadi soda, iliki na chumvi kidogo. Katika bakuli jingine piga mayai mawili na gramu 120 za sukari, ongeza mililita 100 za mafuta ya alizeti, kisha ndizi tatu kubwa zilizopondwa na mililita 80 za mtindi. Unganisha kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, uache hapo hapo hata kama mabonge madogo yamebaki, mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta na uoke kwa nyuzi 175 kwa dakika 50 hadi 60. Anayetumia jiko la mkaa aweke mchanga chini ya sufuria kubwa, apunguze makaa ya chini na kuweka mengi zaidi juu ya mfuniko, na achungulie mapema, kwa sababu ndizi hushika chini upesi. Kila kipande kati ya 12 kitakuwa na gramu 10 za sukari iliyoongezwa.

Vipo vitu visivyokubali mabadiliko haya, na ni afadhali kuviacha vilivyo. Vileja bila samli si vileja. Hubomoka vibaya au huwa vigumu, basi vifanye vidogo na uvipike siku za sikukuu. Keki ya sponji inayosimama kwa mayai na sukari tu itapwaya ukiipunguzia sukari zaidi ya robo. Maandazi yaliyookwa badala ya kukaangwa ni chakula kizuri, ila muuzie mlaji kwa jina lake halisi, ambalo ni skonzi. Mkate wa kumimina, kwa upande mwingine, huvumilia sana: hamira inahitaji sukari kidogo tu kuamka, na unaweza kuondoa hata theluthi yake ukaongeza iliki.

Keki zenye matunda na sukari kidogo hazidumu katika unyevunyevu wa Dar es Salaam. Siku mbili mezani ndani ya chombo chenye mfuniko ni nyingi, na zilizobaki zikatwe vipande, zifungwe kimoja kimoja na kuwekwa kwenye friza, ambako hukaa vizuri hadi miezi miwili.