Taa ya gari haiwaki au inafifia: pima kwanza, nunua baadaye

Taa ikigoma, wengi hukimbilia balbu mpya. Isipowaka wananunua rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha swichi, na kumbe shida iko kwenye waya mmoja ulioliwa na kutu. Mimi sibadilishi kitu kabla ya kupima. Andaa multimita (kipima volti), tasta ya volti 12 (kijitaa kinachowaka kikigusa umeme) na msasa laini.

Hatua ya 1: Soma dalili

Washa taa zote, aina moja baada ya nyingine, huku ukilizunguka gari. Ikikataa moja tu, anzia kwenye balbu, soketi na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ya upande huo. Zikikataa zote za aina moja, shuku fyuzi, rilei au swichi. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu mojawapo ya upande huo imeungua.

Dalili ninayotaka uikariri ni hii: unakanyaga breki, na indiketa ya nyuma nayo inawaka hafifu. Hapo ethi ya taa hiyo ni mbovu. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, unapenya kwenye balbu za jirani.

Hatua ya 2: Balbu na fyuzi

Chomoa balbu utazame uzi wake. Zile za breki zenye nyuzi mbili (wati 21 na 5) zinaweza kuungua uzi mmoja huku mwingine ukiendelea kuwaka. Ya halojeni usiishike kioo kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huiua mapema.

Fyuzi ipime ikiwa mahali pake, swichi ya taa ikiwa imewashwa: gusa kwa tasta vijichuma viwili vinavyoonekana juu yake. Tasta ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Weka ya ampea zilezile. Ikikatika tena kuna shoti, itafute. Tafadhali usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya; nyaya zitayeyuka na gari linaweza kushika moto.

Hatua ya 3: Pima taa ikiwa imewashwa

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanachomoa plagi, wanapima, wanaona volti 12 na kusema waya ni mzima. Multimita hutumia umeme kidogo mno, hivyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti zote. Balbu ya wati 55 inavuta zaidi ya ampea 4, na hapo ndipo ubovu hujitokeza.

Kwa hiyo acha balbu ikiwa imechomekwa, washa injini na taa, upime kwa nyuma ya plagi. Kwanza ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye pini ya moto ya taa, yaani inayoleta umeme. Kisha nyekundu kwenye pini ya ethi ya taa na nyeusi kwenye hasi ya betri. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani.

Tuseme betri ina 14.0. Upande wa moto umepoteza 0.3, upande wa ethi 2.1. Balbu inapata 11.6 tu, na hata ukiweka mpya itafifia vilevile. Upande wa ethi sitaki uzidi 0.2, wa moto 0.5.

Angalizo: baadhi ya magari huwasha taa kubwa kwa kuunganisha upande wa ethi, kwa hiyo tazama mchoro wa nyaya kabla ya kuamua ipi ni ipi.

Hatua ya 4: Tengeneza

Kama ni ethi, unganisha kwanza waya wa muda kutoka pini ya ethi ya taa hadi hasi ya betri. Taa ikichangamka, umepata mbaya wako. Fuata waya wa ethi hadi ulipofungwa kwenye bodi, fungua boliti, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake kuzuia maji.

Kama ni upande wa moto, pima kipande kwa kipande: betri hadi fyuzi, fyuzi hadi rilei, rilei hadi taa. Kipande kinachokula volti ndicho chenye ubovu. Plagi iliyoyeyuka ibadilishe, na nyaya zake uziunge kwa kuchomea risasi (solda). Kusokota na kuzungushia tepu hakudumu.

Ukimaliza, rudia vipimo vya hatua ya 3 kabla ya kurudisha vifuniko.