Unakunywa laga na unataka kujaribu bia za kraft? IPA iache kwanza, anzia huku

Washkaji wengi wa laga nnaowajua waliachana na bia za kraft siku ile ile ya kwanza na sababu karibu kila mara ni moja. Mtu kaingia baa yenye kraft, kaangalia ubao, kaona IPA (India Pale Ale, bia yenye uchungu mwingi) imeandikwa juu kabisa, kaagiza, kapiga funda refu kama anavyopiga Kilimanjaro au Tusker akiwa na kiu, uso ukamkunja palepale, akasema hii mbona dawa, nileteeni bia yangu. Basi, hapo ndo mwisho wa habari. Na mimi inaniuma kweli maana ile bia haikuwa mbovu, jamaa kaanzia mwisho tu. Kuna njia ya kufika huko taratibu na ukiifuata kila glasi utaifurahia, hamna hata moja ya kujilazimisha.

Kitu cha kwanza kabisa toa kichwani hii habari kwamba laga ni bia ya wasiojua. Kraft siyo ladha wala siyo aina ya bia, ni kiwanda kidogo kinachopika kidogo kidogo kwa mapishi yake, na viwanda vingi vya hivyo vinapika laga nzuri mno. Tofauti ya laga na eli, ile familia nyingine kubwa ya bia, iko kwenye hamira na joto. Hamira ya laga inafanya kazi kwenye ubaridi, kama nyuzi 8 hadi 13 hivi, halafu bia inalazwa wiki kadhaa kwenye baridi kali mpaka inatulia na kuwa safi mdomoni. Hamira ya eli inapenda joto, nyuzi 18 mpaka 22, na ikifanya kazi inaachia harufu za matunda na viungo. Ni hivyo tu. Na laga ya rangi ya dhahabu unayoijua wewe ilianzia mji wa Plzeň, Bohemia, mwaka 1842, mpishi akiitwa Josef Groll, na Tusker, Safari, Primus, Kilimanjaro zote ni wajukuu wa bia ile. Viwanda vikubwa vikaja kuilainisha, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zikapunguzwa, wengine wakachanganya mahindi au sukari kwenye kimea cha shayiri ili iwe nyepesi na ya bei nafuu. Kwahiyo we tayari uko ndani ya nyumba, umekaa tu sebuleni muda mrefu.

Sasa kabla hujatoka kwenda baa yoyote fanya hili zoezi nyumbani, na naomba usiliruke maana ndo msingi wa kila kitu. Nunua chupa mbili za laga yako ileile unayokunywa siku zote, moja weka friji, moja iache mezani. Chukua glasi mbili, siyo kunywea mdomo wa chupa, glasi, zilizosuuzwa vizuri zisiwe na mafuta wala sabuni maana mafuta yanaua povu. Mimina zote, acha povu lisimame kama vidole viwili, kisha nusa ile ya friji. Utapata karibu hamna kitu. Nusa ya moto sasa. Hapo utaanza kusikia nafaka, kama uji unaochemka au mahindi ya kuchemsha, na utamu kidogo kwa mbali. Onja funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, halafu nyamaza usinywe tena kwanza. Subiri. Utamu unakuja mbele ya ulimi, unapotea, na baada ya kumeza kabisa ndo uchungu unatokea nyuma kwenye koo, mdogo, mkavu, unakaa kidogo na kuondoka. Ule uchungu ndo hopsi. Watu wamekunywa laga miaka ishirini hawajawahi kuusikia kwa sababu hawajawahi kuusubiri. Ukishaujua unakaa wapi na unakuja saa ngapi, bia yoyote duniani unaweza kuisoma.

Na hapa sisi tuna bahati ambayo wengine hawana. Kwetu mhudumu akikuletea bia swali lake ni moja, ya baridi au ya moto? Wazee wengi wanakunywa ya moto na vijana tunawacheka, ila kwenye kraft ile tabia ni faida kubwa maana baridi kali inafunga harufu na inauganzisha ulimi. Pilsna, yani laga ya dhahabu ya mtindo wa Plzeň, ni sawa ikiwa baridi, nyuzi 4 au 5. Eli nyingi zinataka nyuzi 8 hadi 12, yani itoe friji, iache mezani dakika kumi na tano, ndo uinywe. Kama wewe ni mtu wa ya moto, umeshatangulia.

Ukitoka kwenda baa sasa. Nairobi iko mbele kwa hili, kuna 254 Brewing Company, kuna Bateleur, Kampala kuna Banange, Dar kuna Crafty Dees. Popote utakapoenda usiagize glasi kubwa. Omba glasi ndogo za kuonja, sehemu nyingi zinakuja kwenye kibao nne au tano kwa pamoja, na kama hazipo muulize mhudumu akuonjeshe kidogo kabla hujalipia, hawakatai, wao wenyewe wanataka uipende. Na mwambie ukweli, mi nakunywa laga fulani, nipe iliyo karibu nayo. Hilo neno moja litakusaidia kuliko kuhangaika na majina ya ubaoni.

Anza na laga yao au pilsna yao. Linganisha na ile ya nyumbani, utasikia kimea kimejaa zaidi, kama mkate uliotoka kuokwa, na ule uchungu wa nyuma umekua. Ukiona umeuzoea nenda kwenye blondi, eli nyepesi ya rangi ya dhahabu, au Kölsch kama wanayo, hiyo inatoka Cologne Ujerumani na ni eli iliyolazwa kwenye baridi kama laga, kwahiyo wengi wakiinywa hawajui kama wameshavuka mpaka. Kaa hapa hata mwezi mzima, hamna anayekukimbiza.

Baada ya hapo ngano. Bia ya ngano ya Kijerumani ndo ninayowapa watu kwa furaha kuliko zote kwa sababu inawashangaza bila kuwaumiza. Ukiinusa inatoka ndizi mbivu na karafuu, wazi kabisa, na mtu atakuapia wameweka ndizi humo, kumbe hamna ndizi hata moja. Ile hamira yenyewe ndo inatengeneza harufu, na ile ya ndizi ni kemikali ileile iliyomo kwenye ndizi mbivu yenyewe. Uchungu wake mdogo kuliko hata laga yako. Ya chupa ukiimimina bakiza kidogo chini, izungushe chupa, mimina na ule ukungu wote juu, inatakiwa iwe na ukungu, haijaharibika. Kuna na ya Kibelgiji, ile yenye giligilani na maganda ya chungwa, ambayo ilikuwa imeshakufa kabisa kijijini Hoegaarden mpaka Pierre Celis akaifufua miaka ya 1960. Hizi mbili zinywe na samaki wa kuchoma mwenye ndimu, utanikumbuka.

Bia nyeusi watu wanaziogopa bure. Rangi haihusiani na ukali, rangi inatoka kwenye shayiri iliyokaangwa, basi. Guinness ya bomba kule Ireland ina kilevi asilimia 4.2, sawasawa na Tusker, iliyo kali ni ile ya chupa tunayouziwa huku, ya Kenya ni asilimia 6.5. Kama ushawahi kunywa Guinness au Castle Milk Stout basi stauti ya kraft, yani eli nyeusi kama hizo, haitakutisha, utakutana na kahawa na chokoleti, na zile za maziwa zina sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila kwahiyo utamu unabaki mpaka mwisho. Na kama bado unaogopa, tafuta laga nyeusi, Wajerumani wanazo za zamani sana, ni nyeusi ila zinateleza kooni kama laga yoyote. Ila kwa nyama choma we chukua amba, eli ya rangi ya kaharabu. Ule utamu wa kimea kilichookwa unakutana na sehemu ya nyama iliyobabuka kidogo motoni pembeni pale, yenye mafuta, chumvi na ndimu, mi sijaona kinachoizidi hiyo.

Sasa ndo tunafika kwenye hopsi zenyewe, na hata hapa pita kwanza kwenye pale eli ("pale" ya Kiingereza, yani eli ya rangi hafifu). Iliyobadilisha mambo Marekani ni Sierra Nevada Pale Ale ya mwaka 1980, kule Chico, California, waliweka hopsi za Cascade kwa wingi na watu wakasikia harufu ya balungi na msonobari kwenye bia. Hopsi ni ua la mmea unaotambaa, linatoa uchungu likichemshwa muda mrefu na linatoa harufu likitiwa mwishoni au bia ikishapoa. Wapishi wanapima uchungu kwa namba inayoitwa IBU, mara nyingi imeandikwa ubaoni. Laga za kawaida za viwanda vikubwa zinacheza kwenye 10 hadi 20, pilsna nzuri 25 mpaka 45, IPA ya Kimarekani 40 mpaka 70. Kwahiyo mtu akitoka 15 akaruka moja kwa moja mpaka 65 unategemea nini? Ila aliyepita pilsna ya 35, kisha pale eli ya 40, IPA kwake ni hatua moja mbele. Ni kama kahawa chungu ya kibarazani, mtoto akionja anatema, mtu mzima anaiagiza na kashata pembeni na hataki sukari.

Kwenye IPA kuna mambo mawili lazima uyajue au utaionea. La kwanza ni umri. Harufu ya hopsi inakufa haraka, IPA nzuri ni ile ya miezi mitatu ya kwanza, na ya kuagiza kutoka nje imepanda meli, imekaa bandarini juani, imesafirishwa, imekaa tena rafu ya supamaketi, ukiifungua unakuta utamu wa sukari iliyoungua na harufu ya boksi lililolowa. Hiyo siyo IPA tena jamani, hicho ni kivuli chake, na watu wanaihukumu kwa hicho kivuli. Nunua ya kiwanda cha karibu, angalia tarehe, chukua kopo kuliko chupa, na chupa ya kijani au nyeupe iliyokaa dirishani achana nayo kabisa kwa sababu mwanga unageuza hopsi zinanuka. La pili ni pilipili. Uchungu pamoja na kilevi vinaongeza moto wa pilipili mdomoni, kwahiyo IPA na mishikaki yenye pilipili nyingi ni mateso, hapo chukua bia ya ngano. IPA inataka mafuta na chumvi, chipsi, sambusa ya nyama, kuku wa kukaanga. Kama uchungu bado unakusumbua kuna IPA zenye ukungu, mwonekano wake kama juisi, zinatoa embe na pasheni na uchungu wake umepungua sana, wengi wameingilia mlango huo.

Kuhusu pesa na kichwa nitasema kwa kifupi. Bei ni kubwa kuliko laga, hopsi zinaagizwa kutoka nje na wanapika kidogo kidogo, kwahiyo panga kunywa chache kwa utulivu. Na soma asilimia kabla hujaagiza ya pili. Nusu lita ya IPA ya asilimia 7 ina kilevi mililita 35, nusu lita ya Kilimanjaro ya asilimia 4.5 ina 22 na nusu. Piga hesabu, IPA mbili zinazidi Kilimanjaro tatu, na mtu aliyezoea kuhesabu chupa anajikuta kalewa akiwa bado anadhani ndo anaanza. Agiza maji kila baada ya glasi, na gari iache nyumbani.

Zimebaki zile bia chachu, zenye ladha ya uchachu. Za Ujerumani kama gose yenye chumvi kidogo, na lambiki za maeneo ya Brussels ambazo hawaweki hamira kabisa, wanaiacha ile bia wazi usiku hamira za hewani zinaingia zenyewe. Wageni wengi wa kraft hizi wanazifikia mwisho wa safari, ila kwetu siyo lazima. Mtu aliyekulia Moshi kaonja mbege, ndizi na ulezi na ule uchungu wa gome la msesewe, au aliyekunywa busaa kwa shangazi yake Magharibi mwa Kenya, ulimi wake unaujua uchachu tangu zamani. Kama ni wewe, omba glasi ndogo ya chachu mapema tu, hata kabla ya pale eli, ije baridi, na samaki pembeni.